Watoto wenye kasoro za jeni wafundishwavyo kutuliza hisia kupitia mtandao

MTOTO wa miaka tisa anajitupa chini kando ya barabara, anapiga mayowe na kujichuna ngozi ya mkono hadi damu inatoka. Kisa na maana, mamake amemweleza kwamba leo hawatapitia njia waliyozoea kurudia nyumbani. Watu wanasimama kutazama. Mmoja anasema mtoto huyo amedekezwa, mwingine anapendekeza kiboko, na wa tatu anamnong'oneza jirani yake kwamba katika ukoo ule kuna laana.

Kwa baadhi ya watoto, hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Chanzo cha tukio ni sehemu ndogo ya kromosomu ya 15 ambayo haipo, au ipo lakini haifanyi kazi, tangu siku mimba ilipotungwa. Mtoto mwenyewe, ghadhabu ikishapita, mara nyingi hulia kwa majuto na kuomba radhi.

Wataalamu wa saikolojia nchini Marekani na kwingineko wamekuwa wakijaribu kuwasaidia watoto wa aina hii bila kuwatoa nyumbani kwao. Watoto wachache, pamoja na wazazi wao, hukutana kwa video kupitia mtandao kila wiki. Humo hufundishwa, hatua kwa hatua, jinsi ya kuitambua hisia inapoanza kupanda na jinsi ya kuishusha kabla haijafurika. Makala haya yanaeleza tiba hiyo ni ya namna gani, kwa nini inawafaa watoto hawa hasa, na mipaka yake iko wapi.

Si lazima iwe ya kurithi

Kwanza tulitengeneze neno. Magazetini na redioni kasoro za jeni huitwa mara kwa mara "magonjwa ya kurithi". Jina hilo limevunja ndoa, kwa maana humfanya baba amtazame mama na mama amtazame baba, kila mmoja akitafuta ni upande wa nani ulioleta balaa. Ukweli ni kwamba kasoro nyingi kati ya zitakazotajwa hapa hazikutoka kwa mzazi mgonjwa. Hutokea upya, wakati mbegu ya baba au yai la mama linapotengenezwa, na hakuna alichokula mtu wala alichotenda kilichozisababisha.

Inayojulikana zaidi ni ile ya Down, iliyopewa jina la daktari Mwingereza John Langdon Down aliyeeleza dalili zake mwaka 1866. Ilichukua karibu karne nzima kabla ya watafiti wa Paris, miongoni mwao Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin, kuonyesha mwaka 1959 kwamba watoto hao wana kromosomu moja ya ziada, ya 21.

Ile ya Prader-Willi ni adimu zaidi. Ilielezwa mwaka 1956 na madaktari watatu wa Zurich, Uswisi: Andrea Prader, Alexis Labhart na Heinrich Willi. Makadirio mengi huiweka kwenye mtoto 1 kati ya kila 10,000 hadi 30,000 wanaozaliwa. Kuna sehemu ya kromosomu ya 15 ambayo, kwa kila binadamu, nakala iliyotoka kwa mama hunyamaza na iliyotoka kwa baba ndiyo hufanya kazi. Nakala ya baba ikikatika, au mtoto akipata nakala zote mbili kutoka kwa mama, kazi hiyo haina wa kuifanya. Mtoto huzaliwa akiwa mlegevu hata kunyonya hawezi. Baada ya miaka michache mambo hugeuka: njaa isiyoshiba humwingia, na jikoni hulazimika kufungwa kwa kufuli.

Kuna ile ya Williams, iliyotambuliwa New Zealand mwaka 1961. Hapa jeni zisizopungua 25 hukosekana kwenye kromosomu ya 7. Watoto wake huwa wachangamfu kupita kiasi, humsalimu kila mpita njia kama jamaa, na wengi wana matatizo ya mishipa mikubwa ya moyo. Ya nne ni ile iitwayo Fragile X, ambayo jeni yake ilipatikana mwaka 1991. Hii kweli hurithiwa, hupitia kwenye kromosomu ya X, na huwaathiri wavulana kwa ukali zaidi kuliko wasichana.

Kila kasoro na mwenendo wake

Mwaka 1972 daktari Mmarekani William Nyhan alichapisha hoja iliyobadilisha mtazamo wa wenzake. Alisema kuwa kasoro ya jeni inaweza kuja na mwenendo wake maalumu, kama vile inavyokuja na sura yake maalumu. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, tabia za watoto hawa zilichukuliwa kuwa matunda ya malezi.

Si kwamba kuna jeni ya hasira. Kinachotokea ni kwamba ubongo uliojengwa kwa namna tofauti hukwama mahali tofauti, na mtoto hulipuka au hujikunyata pale unapokwama. Mfano uliochunguzwa kwa undani ni huo wa Prader-Willi.

Wengi hudhani watoto hao hughadhibika kwa kunyimwa chakula pekee. Chakula ni sababu, tena kubwa. Lakini Kate Woodcock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walionyesha katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2009 kwamba milipuko mingi hufuata mabadiliko ya ratiba au ya matarajio. Kuliacha jambo moja na kulishika jingine ni kazi ambayo ubongo wa watoto hawa huifanya kwa taabu. Mpango ukibadilika ghafla, mtoto huanza kuuliza swali lile lile mara kumi, mara ishirini. Wasiwasi hupanda, asiposaidiwa hapo hufuata mlipuko. Mzazi aliyechoka hulisikia swali la kumi na moja kama ujeuri, ilhali ni king'ora.

Mzazi mwerevu angeamua basi ratiba isibadilike kamwe. Jambo la kushangaza ni kwamba dawa hiyo huweza kuongeza ugonjwa. Utafiti wa Birmingham uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kuzoeshwa ratiba isiyotikisika kunaweza kumfanya mtoto ateseke zaidi siku itakapotikisika. Kilichoonekana kusaidia ni kumpa ishara. Kabla ya badiliko, mtoto huonyeshwa kadi ambayo amefundishwa kuwa maana yake ni moja tu: kitu fulani kitakuwa tofauti. Haimwondolei uchungu, bali humwondolea kushtukizwa.

Kwa watoto wa Williams shida kubwa ni wasiwasi kuliko hasira. Mtoto yule anayemkumbatia kila mgeni anaweza kutetemeka kwa sauti ya mashine ya kusaga, puto linalopasuka au radi ya mbali. Kwa kuwa anatabasamu, hakuna anayemdhania kuwa na hofu. Watoto wa Fragile X huzidiwa na umati, kelele na macho ya watu, na baadhi yao hujing'ata mikono. Mtoto wa Down naye husifika kwa ukaidi: huketi chini katikati ya safari na kukataa kuinuka. Mara nyingi ametakiwa afanye jambo la pili kabla hajamaliza kulielewa la kwanza, au hakusikia vizuri, maana matatizo ya masikio ni mengi miongoni mwa watoto hao.

Kwa nini kikundi, na kwa nini kwa mbali

Tiba ya hisia katika kikundi si jambo geni. Mtoto anayemwona mwenzake akishindwa mchezo bila kupindua meza hujifunza kitu ambacho mtu mzima hawezi kumweleza. Kusubiri zamu, kukubali kushindwa, kumsikiliza mwingine, hayo hayafundishiki kwa mtoto mmoja aliye peke yake na daktari. Wazazi nao, ambao pengine kwa miaka wamejiona wao tu ndio waliofikwa, husikia mama mwingine akisimulia usiku wake na kutambua kuwa ni usiku ule ule wao.

Tatizo ni hesabu. Kenya huzaliwa watoto wanaokaribia milioni 1.5 kila mwaka. Tukichukua kiwango cha mtoto 1 kati ya 15,000, wenye Prader-Willi watakuwa takriban 100. Wagawe kwa kaunti 47, utapata wawili kwa kila kaunti. Ukitaka kikundi cha walio na umri wa miaka minane hadi kumi, kaunti nzima itakuwa na sita, iwapo wote waliishi na wote walitambuliwa, na wote hawakutambuliwa. Mmoja atakuwa mashinani upande huu, mwenzake safari ya siku nzima upande ule. Hata katika nchi tajiri zenye hospitali kila mji hesabu hiyo haibadiliki sana, kwa sababu maradhi adimu ni adimu kila mahali.

Kwa hivyo, kwa watoto hawa mtandao ndio unaowezesha kikundi kuwepo. Hilo ndilo linaloitofautisha tiba hii na ushauri wa kawaida wa video, ambao mtu huukubali kwa kukosa nafasi ya kumwona daktari ana kwa ana.

Umbali una faida nyingine ambayo haikutarajiwa na wengi. Mtoto anayefundishwa kupumua taratibu katika chumba cha hospitali huweza kufanya hivyo vizuri sana hospitalini, kisha akirudi nyumbani asikumbuke chochote. Kuhamisha funzo kutoka mahali pamoja hadi pengine ni mtihani mgumu kwa mwenye ulemavu wa akili. Kwa njia ya video, funzo hutolewa pale pale panapozuka vurugu, karibu na mlango wa jikoni uliofungwa, mbele ya ndugu yule yule anayemchokoza. Isitoshe, safari yenyewe ya kwenda hospitalini ni badiliko la ratiba, na mtoto angefika akiwa tayari ameshachafukwa.

Kikao kinavyokwenda

Vikundi vya namna hii huwa vidogo, watoto wanne hadi sita hivi, na kikao hakipiti saa moja. Hurudiwa kila wiki, siku ile ile na saa ile ile, kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Mzazi huketi kando ya mtoto, na katika mipango mingi huwa na kikao chake pia, pasipo mtoto kusikia.

Kikao huanza kwa jambo lisilobadilika: wimbo, salamu kwa majina, au picha ya ratiba ya siku inayoonekana kwenye kioo cha tarakilishi. Kisha kila mtoto hueleza yuko katika hali gani. Wengi hutumia rangi. Mfumo uliosambaa sana ni ule uliochapishwa mwaka 2011 na Leah Kuypers, Mmarekani mtaalamu wa tiba ya shughuli, ambao una rangi nne. Bluu ni kwa aliyechoka, mgonjwa au mwenye huzuni. Kijani ni kwa aliyetulia. Manjano ni kwa aliyeanza kupanda, awe na wasiwasi au hata furaha iliyozidi. Nyekundu ni kwa aliyekwisha kupoteza usukani. Mtoto asiyeweza kusema huonyesha kadi. Hakuna rangi iliyo mbaya, na mkufunzi hulirudia hilo kila wiki, kwani watoto waliozoea kugombezwa husema "kijani" hata wanapotokwa na machozi.

Kazi kubwa hufanyika kwenye manjano. Mwaka 1998 James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliandika kwamba hisia ina hatua zake, na kwamba kuiingilia mapema ni jambo tofauti na kuizuia ikiwa imeshalipuka. Mafunzo haya yamejengwa juu ya fikra ya aina hiyo. Mtoto aliye kwenye nyekundu hafundishiki: maneno hayamwingii, na anachohitaji ni usalama na kimya. Aliye kwenye manjano bado ana mlango wazi. Anaweza kusukuma ukuta kwa viganja, kunywa maji, kupuliza pumzi kama anayepoza uji, au kumwambia mzazi neno moja walilokubaliana.

Kisha hufuata mazoezi, na hapa ndipo ujuzi wa mkufunzi huonekana. Kwa kikundi cha Prader-Willi, huweza kutangaza mchezo, akawaacha watoto waanze kuufurahia, akainua kadi ya badiliko na kuhamia mchezo mwingine. Mara ya kwanza atalia mmoja. Kufikia wiki ya sita wataona kadi, watanuna, watapuliza pumzi na kuendelea. Kununa huko ni ushindi. Katika kikundi hicho haitolewi peremende kama zawadi, na hata picha ya keki haionyeshwi. Mpango ulioandikwa kwa watoto wengine, ukiletwa hapa bila kupitiwa, huweza kuharibika kwa picha moja tu.

Kwa watoto wa Williams kazi hugeuka. Wao hupenda kuzungumza, kila mmoja ana hadithi, na zamu za kusema hubidi zionyeshwe kwa picha. Sauti ya mwenzao inayopasuka kwenye spika huwatisha, kwa hivyo vipaza sauti hufungwa na kufunguliwa kimoja kimoja. Mtoto wa Fragile X huruhusiwa kugeuza uso au kuzima kamera. Kumlazimisha atazame kioo kilichojaa nyuso ni kumrudisha katika umati anaoukimbia. Kwa wa Down sentensi huwa fupi, ishara za mikono hutumika, na mkufunzi husubiri jibu kwa muda mrefu kuliko adabu ya kawaida ya mazungumzo inavyoruhusu.

Mtandao nao ni mwalimu wa ajabu. Picha huganda, sauti hukatika, mwenzako hutoweka katikati ya neno. Kwa mtu mzima ni kero. Kwa mtoto asiyestahimili badiliko la ghafla ni tetemeko la ardhi. Kwa hivyo inafaa kukatika kwa mtandao kufanyiwe mazoezi tangu kikao cha kwanza: picha ikiganda tunaweka mikono mezani, tunahesabu pamoja na mama, tunasubiri.

Mzazi ndiye tiba inayobaki kikao kinapokwisha. Mtoto hawezi kujituliza kabla hajatulizwa na mwingine mara nyingi; huazima utulivu kwa mtu mzima aliye karibu. Mzazi hufundishwa kushusha sauti pale anapotaka kuipaaza, kupunguza maneno, kuwaondoa watazamaji, na kutozungumzia adhabu kabla mambo hayajapoa. Si rahisi kwa mtu aliyelelewa kwa fimbo. Hata hivyo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikwisha kumpa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa viboko, na kwa mtoto ambaye ubongo wake umekwama, kiboko huongeza tu jambo jingine la ghafla.

Tumbo joto na damu ichemkayo

Mafunzo haya yaliandikwa kwa Kiingereza, na mtu akitaka kuyaleta kwa Kiswahili atakutana kwanza na utajiri wa lugha yenyewe. Tuna hasira, ghadhabu, hamaki na kinyongo, na si kitu kimoja. Hamaki huja kama moto wa makuti na kuzimika. Kinyongo hukaa kifuani siku nyingi. Mtoto anayefundishwa kuzitofautisha hizo mbili amepata zaidi ya kile anachopewa na neno moja la jumla.

Tena Kiswahili huziweka hisia mwilini, jambo ambalo wataalamu hulitafuta kwa taabu, kwani watoto wengi wa aina hii hawatambui ishara za miili yao. Moyo huenda mbio. Mtu hupandwa na mori. Mwenye wasiwasi ana tumbo joto, msemo ambao sisi wa meza ya uhariri tumewavisha wanasiasa mpaka umechakaa.

Lakini hapa pana mtego. Mtoto mwenye ulemavu wa akili mara nyingi huchukua maneno jinsi yalivyo. Ukimwambia damu yake inachemka anaweza kushika mkono wake kwa hofu na kutaka maji ya kuipoza. Mkufunzi atakayeyatafsiri mafunzo haya hana budi kuchagua misemo inayoelekeza kwenye kitu ambacho mtoto anaweza kukigusa, kama vile moyo unaodunda chini ya kiganja, na kuiacha ile iliyo tamathali tupu. Pia ajue nyumbani kwa mtoto kunasemwa nini. Mtoto wa Kwale, wa Kisii na wa Lodwar huenda wakakutana kwenye kikundi kimoja cha Kiswahili, ilhali kilio chao cha kwanza kilibembelezwa kwa lugha tofauti.

Ushahidi ulipofikia

Isidhaniwe kwamba yote haya yamekwisha kuthibitishwa. Kwa maradhi adimu, utafiti wenyewe ni mdogo kwa sababu wagonjwa ni wachache. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, Marekani, wakiongozwa na Anastasia Dimitropoulos, walichapisha ripoti ya majaribio ya mafunzo kwa njia ya michezo ya kuigiza, yaliyotolewa kwa video kwa watoto wenye Prader-Willi. Waliohusika walikuwa wachache, na swali lilikuwa la awali kabisa: je, inawezekana? Jibu lilikuwa ndiyo. Watoto waliweza kuketi na kufuatana na mkufunzi aliye mbali. Mafunzo hayo hayakuwa ya kikundi, lakini yalifungua njia.

Janga la Covid-19 liliisukuma kazi hii mbele kwa nguvu. Mwaka 2020 zahanati za watoto zilipofungwa kote duniani, wataalamu waliokuwa wakisitasita walilazimika kuhamia kwenye video kwa siku chache, na wengi hawakurudi nyuma kabisa hata milango ilipofunguliwa.

Hata hivyo msomaji aisome kila habari njema kwa makini. Vipimo vingi vya mafanikio ni maelezo ya wazazi, ambao wanajua fika kwamba mtoto wao amehudhuria, na ambao wangependa taabu yao iwe imezaa kitu. Familia zinazojiunga ni zile zenye tarakilishi, nafasi na mtandao wa kuaminika. Swali la iwapo utulivu uliopatikana hudumu mwaka mmoja baadaye linahitaji tafiti kubwa na za muda mrefu kuliko zilizopo.

Na isichanganywe na dawa. Machi 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza mahususi kwa njaa ya Prader-Willi, diazoksidi kolini, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka minne. Hiyo ni ya njaa. Kumzoesha mtoto badiliko la ratiba ni kazi ya mafunzo.

Hapa kwetu

Kenya haianzi na mikono mitupu. Vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vilianza mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu (KISE) iliyoko Kasarani, Nairobi, iliundwa mwaka 1986. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa waliochelewa kukua kiakili, yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Mafunzo hayo, ambayo yamefanyiwa utafiti Kenya na Ethiopia, huongozwa na watu wasio madaktari bingwa. Si ya mtandaoni na si ya kasoro moja ya jeni. Lakini yanajibu pingamizi kubwa, kwamba kazi hii haiwezekani bila mwanasaikolojia katika kila kituo.

Kizingiti cha kwanza ni utambuzi. Down huonekana kwa macho ya mkunga. Prader-Willi huhitaji kipimo maalumu cha maabara, na bila hicho mtoto huitwa mvivu, mlafi na mkorofi kwa zamu. Familia isiyojua jina la maradhi haiwezi kuitafuta familia nyingine yenye jina hilo.

Kizingiti cha pili ni simu. Video ya saa moja hula data nyingi, na katika nyumba nyingi simu yenye uwezo huo ni moja, tena huondoka asubuhi mfukoni mwa mwenye nyumba. Kikundi cha hapa kitabidi kiwe cha jioni au Jumamosi, na pengine kikutane kwa sauti tu wiki nyingine, huku picha na kadi zikiwa zimetumwa mapema zichapishwe. Ni jambo lisilohitaji mitambo mipya, linahitaji mtu wa kulipanga.

La tatu ni siri. Kikao cha video kinamwonyesha mtoto akiwa katika hali yake dhaifu kabisa, mbele ya familia asizozijua. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Mzazi anayealikwa kwenye kikundi chochote, kiwe cha Nairobi au cha ughaibuni, aulize kama vikao hurekodiwa, rekodi huwekwa wapi na nani huzitazama. Aulize pia kama mkufunzi amewahi kufanya kazi na kasoro hiyo hasa, na nani atapigiwa simu endapo mtoto atajiumiza kikao kikiendelea, kwa kuwa aliye mbali hawezi kumshika mkono.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri kikao chochote. Watoto na vijana wenye Prader-Willi huhisi maumivu kidogo kuliko wengine na ni nadra kutapika, kwa hivyo tumbo linaweza kuharibika ndani pasipo mtu kujua. Yule ambaye hajawahi kukataa chakula akikisusa, au akitapika, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo kijana ambaye ndani ya siku chache anaacha kulala, anachanganyikiwa au anasikia sauti zisizokuwepo, hasa kama kromosomu zake zote mbili za 15 zilitoka kwa mama, kundi ambalo huathiriwa zaidi na maradhi makali ya akili ujanani. Huyo anahitaji daktari wa akili, na kadi za rangi zitamngoja atakaporudi.